Interstate ni ya nani, na kodi ya dizeli inaishia wapi?

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni dereva wa semi, makazi yangu Columbus, Ohio. Kabla ya kuja Marekani niliendesha kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka tisa, kwa hiyo habari za TANROADS na mizani nazijua. Huku nalipa kodi ya serikali kuu kila nikijaza tenki, na kila mwaka najaza fomu 2290 ya kodi ya magari mazito. Mwezi uliopita tairi langu limepasuka kwenye shimo katikati ya interstate, zile barabara kuu zinazounganisha majimbo; jimbo lenyewe silitaji. Wenzangu wawili wakaanza kubishana. Mmoja anasema interstate ni mali ya serikali kuu, mwingine anasema ni ya jimbo. Kama ni ya jimbo, hao wa serikali kuu wanasaidia nini hasa, na pesa yangu inapita wapi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole sana kwa tairi. Najua bei yake, na najua saa ulizopoteza pembeni mwa barabara ukimsubiri fundi.

Mwenzako wa pili ndiye aliyepatia. Interstate ni mali ya jimbo inamopita. Jimbo ndilo linaloamua kipi kijengwe, linalochora, linalotangaza zabuni, linalomsimamia mkandarasi, na linaloitunza barabara baada ya utepe kukatwa. Serikali kuu inaingia kwa mlango mwingine: inarudisha sehemu kubwa ya gharama baada ya kazi kufanyika, kama masharti yake yamefuatwa. Shika hilo neno "kurudisha", maana karibu yote nitakayokueleza yanatoka humo.

Chombo chenyewe ni Mamlaka ya Barabara Kuu ya Serikali ya Shirikisho, wengi huiita FHWA, na iko chini ya Wizara ya Usafirishaji. Mimi nimefanya kazi miaka mingi upande wa pili wa meza, katika idara ya barabara ya jimbo moja, nikisimamia ujenzi. Watu wa FHWA nimekaa nao kwenye vikao na nimetembea nao juu ya vifusi, lakini sijawahi kuwaona na greda. Hawana kambi, hawana mtambo wa lami, na mkandarasi wa jimbo halipwi nao. Ukiwapima kwa kipimo cha TANROADS utapotea. TANROADS, tangu ianzishwe mwaka 2000, ni wakala wa serikali kuu yenyewe: inatangaza zabuni, inasaini mkataba, meneja wake wa mkoa unamkuta barabarani. FHWA hufanya kazi ya namna hiyo mahali pachache, hasa barabara za ndani ya hifadhi za taifa na ardhi nyingine za serikali kuu. Kwingine kote mwenye barabara ni jimbo, kaunti au mji.

Mpangilio huu ni wa zamani. Mwaka 1893 serikali kuu ilifungua kiofisi cha kuchunguza hali ya barabara ndani ya Wizara ya Kilimo, kwa bajeti ya dola 10,000, kwa sababu wakulima walikuwa wanakwama kwenye matope na mazao yao. Halafu Julai 1916 Rais Woodrow Wilson akasaini sheria iliyotenga dola milioni 75 kwa miaka mitano, na ndani yake kulikuwa na sharti lililobadilisha nchi nzima: jimbo linalotaka fedha hizo sharti liwe na idara yake ya barabara, na gharama wagawane nusu kwa nusu. Majimbo yasiyokuwa na idara ya maana yakalazimika kuziunda. Mwaka 1956 Rais Eisenhower akasaini sheria ya interstate, maili 41,000 zilizopangwa, serikali kuu ikibeba asilimia 90 na jimbo asilimia 10. Hata hapo hawakugusa umiliki. Sheria ya barabara ya shirikisho inasema mpaka leo kwamba haki ya jimbo kuamua ni miradi ipi ipate fedha hizi haivunjwi na ruzuku yenyewe.

Sasa pesa yako. Ukijaza galoni moja ya dizeli, serikali kuu inachukua senti 24.4. Wa petroli wanakatwa senti 18.4. Katika senti zako, 21.44 zinaingia akaunti ya barabara ya Mfuko wa Barabara Kuu, 2.86 zinaingia akaunti ya usafiri wa umma wa mijini, na ile sehemu ya kumi ya senti iliyobaki ni ya kusafisha uvujaji wa matenki ya mafuta ardhini. Fomu 2290 nayo inaenda mfuko uleule. Semi yenye uzito wa jumla wa pauni 80,000, gari na mzigo, inalipa dola 550 kwa mwaka. Na aliyenunua kichwa cha semi au trela mpya alikatwa asilimia 12 siku ya kununua, nazo zimekwenda hukohuko. Ile hesabu ya IFTA unayoifanya kila robo mwaka usiichanganye na hizi. Hiyo ni kodi ya majimbo, wanagawana kwa maili ulizopita. Kwenu Ohio dizeli ni senti 47 kwa galoni tangu Julai 2019, na katika fedha za namna hiyo ndimo jimbo linapata sehemu yake ya kuchangia.

Hapa kuna jambo linalonikera na nalisema waziwazi. Kiwango cha kodi ya mafuta ya serikali kuu hakijapandishwa tangu 1993. Zege imepanda, nondo zimepanda, mishahara imepanda, senti ziko palepale, na magari yanakunywa mafuta kidogo kuliko zamani. Kuanzia 2008 Mfuko umekuwa ukiongezewa fedha kutoka hazina kuu ili usikauke, na sheria ya miundombinu aliyoisaini Rais Biden tarehe 15 Novemba 2021 iliuongezea dola bilioni 118 kwa mkupuo. Kwa hiyo asiyemiliki hata baiskeli naye analipia barabara unayopita. Mimi naona ingekuwa haki zaidi kodi ifuate gharama, lakini Bunge halijathubutu.

Twende kwenye kurudisha, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Sheria ile ya 2021 ilitenga takribani dola bilioni 350 kwa programu za barabara kuu, mwaka wa fedha 2022 hadi 2026. Kila tarehe 1 Oktoba FHWA inayaambia majimbo mgao wao. Kinachotumwa siku hiyo ni ahadi. Hakuna hundi inayotua kwenye akaunti ya jimbo. Ni kama mjomba akuambie: jenga nyumba, niletee risiti, katika kila shilingi mia nitakurudishia themanini, ila usichimbe msingi kabla sijasema ndiyo. Jimbo linapeleka mradi wake, FHWA inaukagua na kuuidhinisha, mkataba wa mradi unasainiwa kati yao, na ile sehemu ya ahadi inafungwa kwa mradi huo. Kwa kawaida gharama iliyofanyika kabla ya tarehe ya idhini hairudishwi. Nimeona vijana wa ofisini wakitetemeka kwa ajili ya siku mbili, mshauri ameanza kupima udongo Jumatatu na idhini imetoka Jumatano.

Baada ya hapo mkandarasi anafanya kazi ya mwezi, sisi tunapima: mita za ujazo za kifusi, tani za lami, mita za kalavati. Jimbo linamlipa kwa fedha zake lenyewe. Kisha linapeleka madai FHWA kwa mfumo wa kompyuta, na fedha zinarudi ndani ya siku chache. Kwa miradi mingi ni asilimia 80, kwa interstate ni 90. Mradi ukikaa mwaka mzima bila dai lolote, jina lake linaingia kwenye orodha ya miradi iliyolala, na jimbo linatakiwa kujieleza. Na kila Agosti majimbo yaliyoona hayatamaliza nafasi yao ya kutumia mgao wa mwaka huo yanairudisha, inagawiwa kwa yaliyo tayari. Katika idara yetu mwezi huo hatukuwa na likizo, kila mtu alikuwa anatafuta mradi uliokamilika michoro ili tusiachwe.

Masharti ndiyo yanayokula muda. Kabla ya kujenga lazima athari kwa mazingira zichunguzwe, kazi ndogo kwa karatasi chache, kazi kubwa kwa ripoti inayochukua miaka. Mwenye nyumba anayehamishwa analindwa na sheria ya 1970 ya fidia na makazi mapya, ardhi yake ithaminiwe kwanza na asaidiwe kuhama. Ujenzi unapewa kwa zabuni ya wazi. Mishahara ya vibarua na mafundi haishuki chini ya viwango vilivyopangwa na Wizara ya Kazi. Ukisimama kwenye mradi wa namna hii, tafuta ubao nje ya kibanda cha msimamizi: utakuta orodha ya mishahara imebandikwa, na pembeni yake onyo kwamba kusema uongo kuhusu kazi, vifaa au gharama za mradi ni kosa la jinai. Karatasi hizo zikichanika kwa mvua lazima zibandikwe nyingine.

Nikupe moja lililonikuta. Chuma kinachobaki ndani ya mradi wenye fedha za serikali kuu lazima kiwe kimeyeyushwa na kufuliwa Marekani, hata kupakwa zinki kufanyike humu. Kinachovumiliwa ni chuma cha nje chenye thamani isiyozidi sehemu moja ya elfu ya mkataba au dola 2,500, ipi ni kubwa. Tulikuwa na mkataba wa dola milioni 8, kwa hiyo ukomo wetu ulikuwa dola 8,000. Asubuhi moja nimepiga magoti kando ya lami, nageuza masanduku ya boliti za vyuma vya kingo, nakuta kibandiko cha nchi nyingine chini ya kibandiko cha muuzaji. Boliti ni nzuri, nimezipima, hazina tatizo. Cheti cha kiwanda hakuna. Tulipojumlisha na vitu vingine vya nje tulivyokwisha kubaini, tumevuka 8,000. Mhandisi wa FHWA hakupandisha sauti, aliuliza tu karatasi iko wapi. Maili mbili za kingo zikafunguliwa boliti moja moja na kufungwa upya, gharama juu ya mkandarasi. Siku ile nilikasirika. Lakini dola zile ni za walipa kodi walioahidiwa kwamba zitanunua chuma cha viwanda vyao, na ahadi hailindwi kwa kumwonea huruma mtu mmoja.

Usifikiri wanakagua kila sanduku. FHWA ina ofisi 52, moja kila jimbo, moja Washington DC na moja Puerto Rico, na hazina watu wengi. Wana makubaliano ya maandishi na kila jimbo yanayosema ni maamuzi gani jimbo linayafanya kwa niaba yao na yapi yanabaki kwao. Barabara ya kawaida jimbo linajiidhinishia michoro. Mradi wa dola milioni 500 na kuendelea lazima uwe na mpango wa fedha na mpango wa usimamizi unaopelekwa kwao, na hapo wanakaa karibu.

Kuna msaada mwingine ambao hauna risiti, nao nauthamini kuliko fedha. Safari zako za kusini-mashariki ya Ohio bila shaka umevuka mto kwa barabara ya US 35 karibu na Point Pleasant, West Virginia. Daraja unalopita, Silver Memorial, lilifunguliwa Desemba 1969. Jirani na hapo lilikuwepo Silver Bridge la mwaka 1928, lililoning'inia kwa minyororo ya vyuma virefu vyenye tundu kila ncha. Tarehe 15 Desemba 1967, jioni, magari yamejazana watu wakitoka kazini na kununua vitu vya Krismasi, chuma kimoja kikakatika kwenye tundu lake. Ufa uliokianzisha ulikuwa na kina cha kama milimita 2.5, tena mahali ambapo mkaguzi asingeweza kuuona bila kulifungua daraja. Daraja zima likaingia mtoni. Watu 46 walikufa.

Kabla ya siku hiyo nchi haikuwa na kanuni moja ya kukagua madaraja. Mwaka uliofuata Bunge likaagiza, na 1971 kanuni za taifa za ukaguzi wa madaraja zikaanza kazi chini ya FHWA, kwanza kwa madaraja ya barabara zinazopata fedha za serikali kuu, baadaye kwa barabara zote za umma: kwa kawaida kila daraja likaguliwe kila miezi 24, na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, matokeo yaandikwe kwa namna moja nchi nzima. Leo orodha hiyo ina madaraja zaidi ya 600,000. Mkaguzi ni wa jimbo, kanuni ni ya serikali kuu. Mimi nimening'inia chini ya madaraja kwa kikapu cha kreni, nyundo mkononi, nagonga zege nikisikiliza sauti ya uwazi ndani yake, na kila nikijaza ile fomu nilijua imeandikwa kwa sababu ya wale 46. Vivyo hivyo alama za barabarani: kibao cha kona unachokisoma Ohio kinafanana na cha Arizona kwa sababu FHWA ndiyo inayotoa kitabu cha viwango vyake.

Hata mizani unayoipita ina mkono wao. Ukomo wa pauni 80,000 kwenye interstate ni sheria ya serikali kuu, lakini anayekupima ni wa jimbo, na kila mwaka jimbo linathibitisha kwa FHWA kwamba linapima kweli. Likizembea, mgao wake unakatwa. Kwa njia hiyohiyo umri wa kununua pombe ulifika miaka 21 kote: Bunge lilisema mwaka 1984 kwamba jimbo likikataa litapoteza sehemu ya fedha za barabara, South Dakota ikaenda mahakamani, na mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaipa serikali kuu ushindi. (Wanaokukagua saa za kuendesha ni chombo kingine, kilichotengwa na FHWA tangu mwaka 2000. Malalamiko ya kitabu cha saa usiwapelekee hawa.)

Yapo mambo mawili ambapo mkono wa serikali kuu unaonekana wazi zaidi. Moja ni dharura. Tarehe 11 Juni 2023 lori la petroli lilipinduka na kuwaka chini ya I-95 huko Philadelphia. Dereva mwenzako alifariki, na daraja likaanguka. Siku chache baadaye FHWA ikatoa dola milioni 3 za haraka, na kazi za dharura za namna hiyo zikifanyika ndani ya siku 270 za mwanzo hurudishwa asilimia 100. Jimbo la Pennsylvania likajaza pengo kwa kokoto nyepesi za vioo vilivyosagwa, likatandika lami juu yake, na tarehe 23 Juni magari yakapita. Siku kumi na mbili. Jimbo lilithubutu kuita mkandarasi haraka kwa sababu lilijua nani atarudisha.

Jingine ni mashindano. Mgao wa kila mwaka hautoshi kwa daraja kama Brent Spence, lile la I-71 na I-75 kati ya Cincinnati na Covington, lililofunguliwa 1963 na ambalo wewe na mimi tumekaa kwenye foleni yake. Mnamo Novemba 2020 malori mawili yaligongana na kuwaka juu yake, likafungwa wiki sita hivi. Ohio na Kentucky wakaomba fedha maalumu kwa pamoja na wakapewa zaidi ya dola bilioni 1.6, ili kujenga daraja la pili pembeni. Hapo serikali kuu ndiyo inayochagua mshindi, na hapo siasa inaingia zaidi kuliko kwenye mgao wa kila mwaka.

Sasa shimo lako. Kuziba mashimo ni matunzo ya kawaida, na matunzo ya kawaida hayarudishiwi fedha. Serikali kuu itachangia asilimia 90 kuifumua barabara na kuijenga upya, lakini beleshi la lami linalotupwa kwenye shimo asubuhi ya Februari ni la jimbo, kwa asilimia 100. Sheria inalifunga jimbo litunze kilichojengwa kwa fedha hizi, na FHWA inaweza kuzuia idhini za miradi mipya likikaidi. Hiyo ni silaha ya jimbo zima, haitakulipa tairi. Dai la tairi peleka kwenye idara ya barabara ya jimbo husika, na mapema, maana majimbo yana muda wao wa mwisho wa kupokea madai. Andika namba ya kibao cha maili, upande uliokuwa unaelekea, njia uliyokuwemo, tarehe na saa. Ambatisha picha ya shimo na risiti ya fundi. Majimbo mengi yatakuuliza kama shimo lilikuwa limeripotiwa kabla yako. Kwa hiyo ukiliona shimo jingine, ripoti hata kama halijakudhuru, kwa sababu ripoti yako ndiyo ushahidi wa dereva atakayefuata.

Na kama unataka barabara yenyewe ijengwe upya, usisubiri mitambo ifike. Kila jimbo lina orodha ya miradi ya angalau miaka minne, na mradi usioandikwa humo haupati dola ya serikali kuu. Mji wenye watu zaidi ya 50,000 una baraza la mipango linalotengeneza sehemu yake. Kwenu Columbus ni MORPC. Kabla ya kuipitisha lazima waitangaze na wapokee maoni ya wananchi, kwa maandishi au kwa kufika. Nimekaa kwenye vikao hivyo nikiwa mtaalamu upande wa meza, viti hamsini, watu saba, na sikumbuki hata siku moja kumwona dereva wa lori. Wakati wale saba, kila mmoja, maneno yao tuliyaandika na tulilazimika kuyajibu.